Assetto Corsa Competizione: Je, Imempiku Mtangulizi Wake?

Swali hili halizeeki. Mtu anayo Assetto Corsa ya 2014, gemu ya kuendesha magari ya mbio, kwenye kompyuta yake, anaijua nje ndani, ameijaza modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) mpaka diski imebaki na nafasi ya kupumulia tu, kisha anaitazama mrithi wake, Competizione, na kuuliza kama kuna haja ya kuhama. Jibu fupi ni kwamba kwa mbio za GT3 (magari ya mbio yaliyotokana na magari ya michezo ya barabarani), kuanzia mstari wa kuondokea hadi bendera ya mwisho, hiyo mpya imemwacha mtangulizi wake mbali sana. Kwa anayetaka gereji yenye kila aina ya gari, haijampiku. Hata haikujaribu.

Jibu refu linaanzia kwenye tairi. Kabla ya hapo, asili yake kwa ufupi. Zote mbili zimetengenezwa na Kunos Simulazioni, studio ya Kitaliano yenye makao kwenye uwanja wa mbio wa Vallelunga, karibu na Roma. Ya kwanza ilianza kuuzwa ikiwa bado inajengwa mwezi Novemba 2013, ikakamilika Desemba 2014, juu ya injini ya gemu waliyoiandika wenyewe. Competizione ilifunguliwa Septemba 2018 na kutoka rasmi tarehe 29 Mei 2019. Safari hii picha zilikabidhiwa Unreal Engine 4, injini ya gemu ya watu wengine, huku hesabu za fizikia wakibaki nazo mikononi mwao. Ikaja pia na leseni ya mashindano ya SRO, kampuni inayoendesha mbio za magari ya GT, yale yaliyoitwa Blancpain GT Series na ambayo leo ni GT World Challenge. Leseni hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kingine: magari gani yaingie, viwanja gani, na muda gani mtu akae garini.

Kona ya kwanza ya Monza

Njia nzuri ya kuzilinganisha ni kuchukua gari moja na uwanja mmoja vilivyomo kwenye gemu zote mbili. Mercedes-AMG GT3 ipo kote, na Monza ipo kote. Unaiendea ile chikeini ya kwanza (kona kali za kulazimisha kupunguza mwendo) ukiwa zaidi ya 260 km/h, na unatakiwa uingie kwa mwendo wa gia ya pili au ya kwanza.

Kwenye Assetto Corsa ya zamani unakanyaga breki mpaka mwisho, ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge) inashika kazi, unateremsha gia, unaachia, unageuza. Mzunguko wa pili unafanya vilevile. Wa ishirini vilevile. Breki haichoki, pedi haiishi, na mguu wako ukishajua pa kuanzia basi umemaliza somo.

Kwenye Competizione mguu uleule unakupeleka nje. Sehemu ya kwanza ya breki bado inataka nguvu, maana gari likiwa na kasi, hewa inalikandamiza chini na matairi yanaweza kubeba. Kasi inapopungua, mgandamizo wa hewa unapungua nao, na tairi haliwezi tena kuhimili breki ileile. Ukiendelea kukandamiza pedali mpaka mwisho, ABS inaingia kwa nguvu, tairi la mbele linatumia uwezo wake wote kusimamisha gari, na usukani ukigeuzwa pua inagoma. Dawa ni kuachia pedali polepole kadiri kasi inavyoshuka: anza na karibu asilimia 90 hadi 100, ukifika mahali pa kugeuza uwe umebakiza 20 au 30, kisha uimalizie ndani ya kona. Ukiiachia ghafla, pua inanyanyuka, uzito unarudi nyuma na gari linakataa kuingia. Ukichelewa kuiachia, mkia unakuwa mwepesi na unachomoka. Kwenye ile ya zamani makosa haya yote mawili yalikuwepo, ila yalisamehewa kirahisi mno.

Kisha kuna kingo za pembeni mwa njia. Tairi la Assetto Corsa linaigusa ardhi, kihesabu, kwa nukta moja. Nukta hiyo ikipanda ukingo, tairi zima limepanda. Ikishuka, zima limeshuka. Ndiyo maana magari ya ile gemu hutupwa ghafla yakigusa ncha ya ukingo, au yakapita juu yake kana kwamba hakuna kitu. Kwenye Competizione nukta ni tano, kwa hiyo upande wa ndani wa tairi unaweza kuwa juu ya ukingo huku upande wa nje ukiwa bado kwenye lami. Pale Monza tofauti hii inaonekana waziwazi: ukingo ule bapa unaweza kuukanyaga kwa nusu ya tairi na gari likatulia, lakini ukivuka hadi kwenye nundu za ndani, gari linanyanyuka na mzunguko umekwisha. Mlalo wa tairi, yaani linavyoinamia ndani au nje, nao umepata maana mpya, kwa sababu upande wa ndani na wa nje wa tairi sasa vinapashwa moto kwa namna tofauti.

Kama kungekuwa na sababu moja tu ya kununua hiyo mpya, ningetaja hii ya nukta tano. Mengine mengi yanafuata kutoka hapo.

Upepo

Hapa ndipo wahamiaji wengi wanapopotea. Kwenye Assetto Corsa upepo wa tairi unabadilishwa kwa psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) nzima nzima, na mtu anaweza kukimbia mwaka mzima na upepo wa kiwandani bila kujua amekosa nini. Kwenye Competizione hatua moja ni psi 0.1, na kosa la psi 1 linatosha kukuondolea sehemu za sekunde katika kila mzunguko, tena bila kukuambia zimekwenda wapi.

Shabaha ya matairi makavu ya GT3 ni kati ya 26.0 na 27.0 psi yakiwa ya moto. Angalia neno moto. Namba unayoiona gereji ni ya tairi kabla ya kukimbia. Na jihadhari na maelekezo ya kale: kabla ya toleo la 1.9 la Aprili 2023, shabaha ilikuwa juu zaidi, karibu 27.5, na video nyingi za wakati huo bado zinazunguka mitandaoni zikiwa na namba zilezile. Mtu anazifuata kwa uaminifu, gari linateleza kama lina sabuni, halafu anailaumu gemu.

Utaratibu ni huu. Weka hali ya hewa iwe ileile utakayoshindania, na mafuta ya kutosha. Toka piti (mahali magari yanapohudumiwa), kimbia mizunguko minne au mitano mfululizo bila kutoka nje ya njia na bila kuserereka, kwa sababu tairi lililoserereka linapata moto wa uongo na upepo wake unapanda. Mzunguko wa kwanza usiuhesabu; matairi hutoka yakiwa yamepashwa hadi 70 °C na bado yanapanda. Mzunguko wa tatu hivi, soma namba za matairi yote manne kwenye njia iliyonyooka. Tuseme la mbele kushoto linasoma 27.3, la mbele kulia 26.9, la nyuma kushoto 27.1, la nyuma kulia 26.6. Ukilenga 26.5, punguza hatua 8 mbele kushoto, 4 mbele kulia, 6 nyuma kushoto na 1 nyuma kulia. Rudia mara moja kuhakikisha.

Usishangae kushoto kuzidi. Monza inazungukwa kwa mwelekeo wa saa, kona za kulia ndizo nyingi, na matairi ya kushoto ndiyo yanayobeba mzigo. Anayeweka upepo sawa pande zote kwa sababu unapendeza macho anajinyima.

Halafu hali ya hewa. Joto la hewa likipanda kwa 1 °C, upepo wa moto unapanda kwa karibu psi 0.1. Ukiwa umetengeneza setapu, yaani mipangilio ya gari, kwenye 24 °C na shindano likawa kwenye 19 °C, utakuwa chini kwa karibu psi 0.5, kwa hiyo ongeza hatua 5 kila tairi kabla ya kuondoka. Hili ndilo linalowaumiza watu kwenye seva za mtandaoni: wanapakia setapu ya jana, nyakati zilikuwa nzuri, leo gari limekuwa zito. Gari ni lilelile, hewa ndiyo imebadilika.

Jambo moja linasahaulika: njia za hewa za kupoza breki nazo zinagusa upepo. Ukizifunga, breki zinakuwa za moto, joto linahamia kwenye rimu, kutoka rimu linaingia kwenye hewa ya tairi. Kwa hiyo ukibadilisha njia za breki, pima upepo upya.

Mvua, usiku, na lami inayobadilika

Assetto Corsa kama ilivyotoka kiwandani haina mvua. Haina usiku pia. Saa ya gemu inaanzia asubuhi na kuishia jioni. Lami yake ina hali ya jumla tu: asilimia fulani ya mshiko kwa uwanja mzima, inayoongezeka kadiri magari yanavyopita. Custom Shaders Patch, kazi ya watu wa nje, imeongeza usiku na hata mvua, na imefanya hivyo kwa ufundi wa kuheshimika, lakini magari ya asili hayakupangwa kwa ajili ya hayo.

Competizione ina saa 24 kamili, na lami yake ina kumbukumbu. Njia ya mbio inapata mpira na kushika zaidi. Pembeni yake vipande vya mpira vilivyochunwa vinarundikana, na atakayekwenda kupita mwenzake nje ya njia ataviokota kwenye matairi. Mvua ikinyesha, maji hujikusanya. Ikikatika, njia inayopitwa na magari ndiyo inayoanza kukauka. Hapo ndipo uamuzi wa kubadili matairi unapokuwa uamuzi kweli. Ukiwahi kuvaa makavu, kona mbili za kwanza zinakutoa. Ukichelewa kuvua ya mvua, yanachemka kwenye lami kavu na kuisha kwa mizunguko michache. Wenye ujanja huyapitisha kwenye maji pembeni mwa njia zilizonyooka ili yapoe.

Mambo ya vitendo kabla ya shindano lenye mawingu: panga vitufe vinne vya usukani kwa ajili ya jedwali la piti (orodha ya kuchagua huduma utakazopewa piti), yaani juu, chini, kushoto, kulia. Panga kitufe cha waipa na cha taa, kwa sababu mtu asiyekuwa na waipa anaendesha kwa kubahatisha. Ingia kwenye jedwali la piti kabla ya kuanza na utazame upepo uliowekwa kwa matairi ya mvua. Shabaha yake ni karibu psi 30 yakiwa ya moto, na kwa kuwa lami yenye maji ni ya baridi, yanahitaji kuanza juu kuliko makavu. Kosa la kawaida kabisa ni kuchagua matairi ya mvua katikati ya vita, kusahau upepo, na kutoka piti na matairi ambayo hayatafikia shabaha hata yakikimbia nusu saa. Kosa la pili ni kusahau kuzima chaguo la kubadilisha pedi za breki au kutengeneza bodi, ukakaa piti huku wenzako wanapita.

Juu ya maji ongeza TC (mfumo wa kuzuia magurudumu yasizunguke bure) na ABS kwa hatua mbili tatu, na jaribu kuingia kona nje ya njia ya kawaida pale mpira ulipokolea, maana mpira uliolowa unateleza kuliko lami tupu.

Pedi na mafuta

Pedi za breki ziko aina nne. Namba 1 inauma sana na inaisha haraka. Ni ya mashindano mafupi na nusu saa au saa moja haina shida. Namba 2 ni ya masafa marefu. Namba 3 inauma taratibu, inavumilia, na inafaa kwenye mvua au mashindano marefu mno. Namba 4 ni ya mizunguko michache ya kusaka muda, na kuishindania ni kujitakia. Pedi mpya ina unene wa milimita 29, nawe unaweza kutazama inavyopungua. Pedi ikishakuwa nyembamba, pedali inakuwa ndefu na mahali pa kufungia breki panasogea nyuma. Kwenye ile ya zamani hakuna lolote katika haya.

Mafuta yanahesabika kirahisi, lakini kila shindano kuna anayeishiwa. Saa moja ni sekunde 3600. Ukizunguka kwa 1:48, yaani sekunde 108, unapata 33.3, kwa hiyo mizunguko 34. Ongeza mmoja, kwa sababu anayeongoza akivuka mstari sekunde chache kabla ya muda kuisha, kila mtu anadaiwa mzunguko zaidi. Ongeza na ule wa kujipanga kabla ya kuondoka, ambao ndio unaosahaulika. Kama gari linakula lita 3 kwa mzunguko, 36 mara 3 ni lita 108. Lita za ziada "za usalama" usizirundike. Kila moja ni uzito unaoubeba tangu mwanzo.

Usukani mikononi

Hisia ya usukani imewagawa watu, na sababu yake ni halali. Assetto Corsa ina usukani unaoongea sana: unahisi pua ikipoteza mshiko, unahisi kila nundu, na unaweza kuongeza madoido ya kingo, barabara na mtelezo kama mtu anayetia pilipili. Competizione ni ya kiasi. Kinachofika mikononi ni nguvu za mfumo wa usukani wenyewe, na mtu aliyezoea ile ya zamani atasema imekufa. Haijakufa; taarifa zimehamia kwenye uzito wa usukani, hazipo kwenye mtikisiko. Ipe siku kadhaa.

Kuna mambo matatu yanayoharibu hisia hiyo bila mtu kujua. La kwanza ni nyuzi za usukani. Kila gari lina mzunguko wake: Ferrari 488 GT3 ina nyuzi 480, Porsche 911 GT3 R ina 800. Usukani unaotambuliwa na gemu unajirekebisha wenyewe. Usiotambuliwa unakuachia wewe. Weka 900 kwenye programu ya usukani na 900 kwenye gemu, kisha tazama mikono ya dereva kwenye skrini. Isipolingana na yako, kuna namba mbili zinazogombana.

La pili ni nguvu kukatwa kilele. Ukiweka kiwango cha jumla juu kupita uwezo wa mota, kila kitu kizito kinakuwa na uzito mmoja, na kona ya kasi inakuwa bubu. Kwenye paneli ya pedali kuna mstari wa nguvu ya usukani. Ukiona unabaki mwekundu kona nzima, shusha kwa hatua za 5 mpaka uguse wekundu kwenye kingo tu. Usukani wenye mota ya moja kwa moja hauhitaji nguvu ya chini ya kuanzia, iache 0. Ule wa gia unaweza kutaka kidogo ili kuziba ulegevu wa katikati. Kwenye Assetto Corsa kiwango hiki unaweza kukirekebisha kwa kila gari peke yake, na ukihama unalikosa jambo hilo.

La tatu ni madoido ya barabara. Anza na 0, uendeshe, halafu uongeze mpaka 10 au 20 kama mikono inadai.

Bei ya Unreal

Unreal Engine 4 imeleta mvua inayopendeza, taa za usiku, na matone yanayotambaa kwenye kioo. Imeleta na ukungu. Njia yake ya kulainisha kingo za picha huchanganya picha za nyuma na za sasa, kwa hiyo gari lililo mbali linaacha kivuli, na bango la kufungia breki linachelewa kusomeka. Ukiongeza ukali wa picha kwenye mipangilio unapata nafuu, hupati tiba.

Kwa miwani ya VR (uhalisia pepe), ukweli ni mchungu. Assetto Corsa inakimbia vizuri kwenye miwani hata na kompyuta ya wastani, na picha ni kali. Competizione inadai kompyuta ya nguvu na bado inatoa picha yenye utando. Mtu asiyecheza bila miwani asinunue kabla ya kujaribu.

Ukiwa na kompyuta inayokwama, anza na idadi ya magari yanayoonekana. Ukiipunguza hadi 15 au chini yake processor inapumua, na hutakosa kitu kwa sababu huoni ya 16 mbele yako. Kisha shusha vioo vya nyuma, vivuli na majani ya miti. Texture, yaani picha za nyuso za vitu, ziache. Jaribu kwenye hali mbaya: usiku, mvua, gridi imejaa, wewe nyuma ya wote. Ikivumilia hapo, itavumilia kokote. Kupima kwa kuzunguka peke yako mchana wa jua ni kujidanganya.

Kilichobaki nyuma

Toleo kamili la Assetto Corsa lina magari zaidi ya 170: ya barabarani, ya kale, ya mbio ya kiti kimoja. Competizione ina GT3, halafu nyongeza za madaraja mengine ya mbio, GT4 na GT2, na magari machache ya kombe la aina moja. Nordschleife, ule uwanja mrefu wa Nürburgring huko Ujerumani, ikiwa imepimwa kwa leza iliingia kwenye ile ya kwanza mwaka 2015. Kwenye Competizione ilisubiriwa hadi Aprili 2024.

Na modi hakuna. Hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Assetto Corsa iliacha mlango wazi, na watu wakaingia na barabara za kasi za Tokyo, milima ya kuteleza, magari ya kila muongo. Kwa Content Manager, programu ya pembeni ya kusimamia gemu na modi, unaweza kupanga jioni nzima ambayo hakuna studio ingeiuza. Ni kweli kwamba modi hazilingani ubora. Nyingi zimekopi data za matairi kutoka gari lingine, ndiyo sababu gari la kale la familia linashika kona kama la mbio. Na seva zinalinganisha mafaili: ukiwa umegusa faili moja la gari la asili, unatupwa nje kwa sababu hesabu ya ukaguzi haikulingana. Hapo futa folda ya gari husika na uiagize Steam (duka ulikonunulia gemu) ikague mafaili ya gemu; kusakinisha upya kila kitu hakuna haja.

Kwa upande wa kushindana na watu, mambo yanageuka tena. Ile ya zamani ina orodha ya seva na nia njema, basi. Ukiingia seva ya wazi jioni, kona ya kwanza ni ajali ya basi. Competizione inakupima: medali tatu kwa kila uwanja, uthabiti, udhibiti wa gari, na alama ya usalama inayofika 99. Seva zinaweza kukataa walio chini ya 70, na kweli zinakataa. Alama ya usalama haipandi kwa kuzunguka peke yako ukiwa mwema. Inapanda unapokaa karibu na wengine bila kugusana. Kwa hiyo anayetaka kuipandisha ajiunge na seva iliyojaa, aanzie nyuma, amfuate mtu kwa umbali wa sekunde moja na asimguse. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Telemetria, yaani kumbukumbu za data za gari, nayo imekaa vizuri. Zamani ulihitaji programu ya pembeni; sasa kwenye ukurasa wa umeme wa setapu unaweka idadi ya mizunguko ya kurekodi, na mafaili ya MoTeC (programu ya kuchambua data hizo) yanajiandika kwenye folda ya gemu ndani ya nyaraka zako. Ikiwa idadi ni 0, hakuna kinachorekodiwa. Wengi hugundua hilo baada ya shindano.

Kwa wenye konsoli mjadala ni mfupi. Modi hazipo kwenye Assetto Corsa ya konsoli, kwa hiyo sehemu kubwa ya utetezi wake inaanguka. Kwenye PS4 na Xbox One Competizione ya 2020 inajikokota. Toleo la PS5 na Xbox Series la Februari 2022 ndilo la kununua.

Inafaa pia kutazama alichofanya mwenye gemu mwenyewe. Januari 2025 Kunos ilianza kuuza Assetto Corsa EVO ikiwa bado inajengwa: Unreal imeachwa, injini ni yao tena, na magari ya barabarani yamerudi. Hakuna mkosoaji aliyesema waziwazi zaidi ya hapo ni nini Competizione ilikipoteza njiani.

Anayehama leo kutoka ile ya zamani kwenda Competizione asibebe namba zozote. Kila gari lina setapu za kuanzia, zikiwemo ya tahadhari na ya ukali. Chukua ya ukali, maana ile ya tahadhari ina pua nzito inayokufundisha kugeuza usukani kupita kiasi. Rekebisha upepo kwanza, kwa utaratibu ule wa hapo juu. Kisha mafuta. Kisha hamisha mgawanyo wa breki kwa hatua ndogo, mbele ukiona mkia unachomoka wakati wa kufunga, nyuma ukiona pua inagoma. Bawa, shokapu na difu visubiri mpaka uweze kuzunguka mizunguko kumi ndani ya nusu sekunde.